Mwizi Tunayempigia Simu Sisi Wenyewe

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo ya waweka hazina)

Najua palizi inangoja, kwa hivyo sitawachosha. Leo tuzungumze juu ya jambo moja tu: namba ya simu ya kuomba msaada. Tukipatwa na shida ya M-Pesa, ya tokeni za umeme au ya benki, tunampigia nani? Na hiyo namba tumeitoa wapi?

Nianze na kisa. Majina sitataja, maana wenyewe ni majirani zetu, lakini wamenipa ruhusa niwasimulie.

Kuna kikundi kimoja chenye mashine ya kusaga mahindi. Mashine hiyo hutumia umeme wa kulipia mbele, ule wa tokeni. Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, umeme ukaisha na huku akina mama wamepanga foleni na debe zao za mahindi. Mweka hazina akanunua tokeni za Sh. 1,500 kwa simu. Ujumbe wa M-Pesa ukaja kwamba pesa zimetoka. Tokeni hazikuja. Akangoja nusu saa, watu wakaanza kunung'unika. Kijana wa mashine akamwambia, "Mama, wacha nikutafutie namba ya huduma kwa wateja kwa intaneti." Akaandika jina la kampuni, na mara ukurasa ukatokea wenye picha na rangi za kampuni, na namba ya simu chini yake. Namba ya kawaida tu, ya 07.

Mama akapiga. Mtu akajibu mara moja, tena kwa adabu kuliko wengi wetu. "Pole sana mama, tutakurudishia pesa zako sasa hivi. Usikate simu." Akamwuliza jina na namba ya kitambulisho. Akamwuliza salio la M-Pesa, ati kompyuta ihakikishe kwamba laini ni yake. Mama akamwambia ukweli: Sh. 31,450. Halafu yule mtu akasema, "Namba yako ya siri usinitajie mama, hiyo ni yako peke yako." Hapo ndipo mama alipomwamini kabisa.

Akaendelea kumwongoza. Fungua M-Pesa. Chagua kutuma pesa. Andika namba hii, ni ya afisa wetu wa kurudisha pesa. Mahali pa kiasi, andika namba ya faili yako, nayo ni 31000. Sasa weka namba yako ya siri. Mama akafanya alivyoambiwa. Simu ikakatika.

Ndugu zangu, zile pesa zilikuwa michango ya wanachama ya kununua mbolea. Na jambo la kuumiza zaidi ni hili: saa tatu usiku tokeni ziliingia zenyewe. Zilikuwa zimechelewa tu. Zile Sh. 1,500 hazikuwa zimepotea hata kidogo.

Jumatatu kikundi kikakutana, na nikaitwa. Nilikuta maneno makali. Wengine walisema mama amekula pesa na kutunga hadithi. Mmoja akapendekeza ng'ombe wake achukuliwe. Mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, hata chai hakugusa. Nilipomwuliza mbona hakukumbuka yale niliyowafundisha katika semina, alinijibu maneno ambayo sijayasahau: "Ulituambia tusiwasikilize wanaotupigia simu. Huyu hakunipigia. Ni mimi nilimpigia."

Alisema kweli, na kosa lilikuwa langu pia. Miaka mingi tumefundishana juu ya mwizi anayepiga simu na kusema umeshinda zawadi, au mtoto wako ameumia shuleni. Huyo tumemjua. Lakini huyu mwingine hapigi simu. Anaweka namba yake mahali na kungoja. Na sisi, kwa kuwa tumeitafuta namba wenyewe, tunadhani tumefika ofisini.

Je, namba hiyo inafikaje pale? Wengi wetu twakumbuka kitabu cha simu cha zamani, cha Shirika la Posta na Simu. Kile kilichapishwa na shirika lenyewe, na mtu hangeweza kujiandikia jina la benki mbele ya namba yake. Intaneti si kitabu cha namna hiyo. Ni kama ule mti wa sokoni unaopigiliwa matangazo. Kila mtu mwenye msumari na karatasi anaweza kubandika lake. Mtu yeyote anaweza kufungua ukurasa wa Facebook, akaweka nembo ya kampuni na kuuita "huduma kwa wateja". Anaweza kulipia tangazo ili namba yake ionekane ya kwanza unapotafuta. Wengine huvizia kwenye kurasa za kampuni zenyewe: ukiandika malalamiko, mara mtu anakujibu, "Pole, piga namba hii."

Msidhani ni sisi tu wa mashambani tunaodanganywa. Huko India, katika jimbo la Maharashtra, mwaka wa 2018 wezi walibadilisha namba za simu za Bank of India katika ramani za Google, maana mtandao ule huruhusu watu kupendekeza masahihisho. Wateja waliotafuta benki yao walimpata mwizi. Hata yale majibu ambayo mtambo wa kompyuta hujiandikia juu kabisa ya ukurasa yamewahi kutoa namba za wezi, kwa sababu mtambo nao huokota mahali palepale.

Kwa hivyo, kuwa ya kwanza kwenye ukurasa hakuifanyi namba kuwa ya kweli. Namba ya kweli hutoka kwa mwenyewe: nyuma ya kadi ya benki, kwenye karatasi ya akaunti, kwenye bango lililo ndani ya ofisi, au kwa karani ukimwuliza uso kwa uso.

Nawapa namba chache mziandike sasa hivi. Ukiwa na laini ya Safaricom ya kulipia mbele, huduma kwa wateja ni 100. Ujumbe wa udanganyifu unapelekwa 333. Ukituma pesa za M-Pesa kimakosa, ule ujumbe wa kuthibitisha unaupeleka 456. Safaricom wenyewe wametangaza kwamba wakikupigia wanatumia 0722 000 000 tu. Kampuni ya umeme, Kenya Power, ni 97771. Mnaona zilivyo fupi? Namba fupi kama hizo mwizi hawezi kuzinunua dukani pamoja na laini. Anayejiita kampuni na namba yake ni ya kawaida, kama yangu na yako, mtilie shaka kwanza.

Sasa, hata kama umepiga namba unayoiamini, kuna mambo manne ambayo hakuna mfanyakazi wa kweli atakuomba.

Kwanza, hatakuomba namba ya siri, wala zile tarakimu zinazokuja kwa ujumbe na kusema usimpe mtu yeyote.

Pili, hatakuambia utume pesa ili urudishiwe pesa. Hata shilingi kumi. Neno "kutuma" likionekana kwenye simu yako, wewe ndiwe unayetoa, hata mtu akiita kiasi hicho namba ya faili.

Tatu, hatakuambia uingize programu ya kumwonyesha kioo cha simu yako, kama AnyDesk. Programu hiyo ina kazi yake halali, lakini mikononi mwa mwizi ni sawa na kumpa simu yenyewe.

Nne, hatakuambia ubonyeze alama usizozijua. Kwa mfano, *21* ikifuatwa na namba ya mtu na # inageuza simu zako ziende kwake. Kama umewahi kufanya hivyo, bonyeza ##002# kisha upige, ili uondoe.

Na lipo jambo la tano, ambalo ni letu wenyewe: haraka. Mfa maji haachi kutapatapa. Yule mama hakuwa mjinga. Alikuwa na foleni ya watu nyuma yake na jua linatua. Mwizi anajua kwamba anayetafuta namba ya msaada tayari yuko katika shida, ndiyo maana anasema usikate simu. Jibu letu liwe: kata. Mwambie, "Nitakupigia baadaye," kisha ukae chini, umwonyeshe mwenzako. Kampuni ya kweli itakuwepo hata kesho.

Haya, na kama pesa zimekwenda? Usilale nazo. Wezi huzitoa kwa dakika chache. Saa hiyohiyo piga 100, na upeleke ule ujumbe wa M-Pesa 456. Pesa zikiwa bado ziko kwenye laini ya aliyepokea, kampuni inaweza kuzizuia. Badilisha namba ya siri. Usifute ujumbe wowote, maana huo ndio ushahidi. Nenda kituo cha polisi, uandikishe katika kitabu cha OB na upewe namba yake. Tangu mwaka wa 2018 tuna sheria ya uhalifu wa kompyuta hapa Kenya, lakini sheria haiwezi kumfuata mwizi ambaye hakuna aliyemshtaki. Kisha waambie wenzako siku hiyohiyo.

Hili la mwisho ndilo gumu. Watu wengi hunyamaza kwa aibu, na mwizi anaishi kwa aibu hiyo. Kikundi kikimwadhibu anayesema, mwingine atakayeibiwa ataficha, na hapo ndipo chama huvunjika.

Katika kile kikundi nilichosimulia, tuliomba taarifa ya M-Pesa ya laini ya mama. Ilionyesha saa, kiasi, na jina la aliyepokea, jina ambalo hakuna mtu kijijini anayelijua. Wenye hasira wakanyamaza. Polisi waliandikisha, lakini pesa hazikupatikana, siwezi kuwadanganya. Wanachama walikubaliana kuziba pengo kidogo kidogo kutokana na mapato ya mashine, na mama akaendelea kuwa mweka hazina. Jambo moja walibadilisha: pesa za kikundi hazikai tena kwenye laini ya mtu mmoja. Zikipita elfu tano zinapelekwa benki, na kuzitoa kunahitaji sahihi tatu.

Wakafanya na jambo lingine. Ndani ya jalada la daftari ya kikundi wamebandika karatasi yenye namba za msaada. Katibu alizitoa kwenye ofisi zenyewe, si kwenye simu ya kijana. Karatasi nyingine iko ukutani pa mashine, juu ya mizani. Siku hizi tokeni zikichelewa, mtu hafungui intaneti. Anainua macho tu.

Hiyo ndiyo kazi nawapa mkirudi nyumbani. Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kiwe na karatasi yake. Namba ya msaada hutafutwa siku ya amani, kama vile kamba ya kisima hukaguliwa kabla ndoo haijazama.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Namba za msaada tulizo nazo kwenye simu zetu tulizitoa wapi? Tuzisome moja moja.

2. Pesa za kikundi chetu zinakaa wapi leo, na mtu mmoja anaweza kuzituma zote?

3. Mwenzetu akidanganywa kesho, je, ataona ni rahisi kutuambia? Kama sivyo, tubadilishe nini?

4. Nani atakwenda kwenye ofisi kuchukua namba za kweli, na atazileta siku gani?