Vyombo vya Kukodi Vikiungua, Nani Alipe?

Ndugu Wanachama,

Juzi mvua ilitukuta mkutanoni. Amplifaya ya kukodi ikalowa, ikaungua. Mwenyewe anadai fedha, na fedha tuliyo nayo ni ya mbolea tu. Aliyetia sahihi bila kusoma ni mie. Kisomo cha watu wazima nilihitimu, lakini siku ya kazi nikakiacha nyumbani!

Sheria ya Mikataba inamtaka aliyekodi atunze mali ile kama mtu mwenye busara atunzavyo yake. Ukitunza hivyo na bado ikaharibika, hulipi, isipokuwa mkataba useme vingine. Wetu ulisema: hasara yoyote ni ya aliyekodi. Basi tumebanwa.

Na msidhani ati bima ya mwenye vyombo inatukinga. Ikishamlipa yeye, yaweza kutugeukia sisi, maana uzembe ni wetu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kuanzia sasa:

1. Tuulize bima ipo, na inamkinga nani.
2. Vyombo vijaribiwe mbele ya mwenyewe, kasoro ziandikwe.
3. Turubai liwe tayari.
4. Mkataba usomwe kwa sauti mbele ya kamati, ndipo kalamu ishikwe.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Katibu