Staji ya kulinda mazingira haifanywe na mfuko mutupu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa sheria, Lubumbashi



Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya kuishi mu mazingira safi. Inaongeza: ana wajibu wa kuyalinda. Hayo munayajua kwa kichwa. Leo nataka tuongee juu ya pesa ya taksi.

Mu vakansi ya mwaka jana nilifanya staji ku biro ya avoka mumoja mwenye kusaidia raia wanaoishi karibu na viwanda vya madini. Hakuna malipo, transpore ni juu yangu. Siku moja mama mumoja mwenye kulima pembeni ya muto akapiga simu: «Mwanangu, maji imegeuka rangi, lengalenga yangu yote imeungua, kuya mbio!» Mu mufuko sikukuwa na kitu. Nilifika kisha siku tatu. Maji ilikuwa imepita. Mama alikuwa amekwisha kung'oa yote na kupanda matembele, sababu batoto banapashwa kula. Akaniuliza: «Sasa utaandika nini?» Nikakosa jibu.

Sheria iko. Kode ya Madini iliyobadilishwa mu 2018, kifungu 285 bis, inasema mwenye haki ya kuchimba anapashwa kulipa hasara ambayo kazi yake imeleta kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa. Lakini tribinali itauliza: hasara gani? Imetoka wapi? Chupa ya maji ya siku ile, picha yenye tarehe, majina ya mashahidi: hivyo njo vinajibu. Na havingoje mwisho wa mwezi.

Mu Novemba 2025, maji ya kiwanda iliingia mu makartie ya Lubumbashi, hata minisitere ikasimamisha kazi ya sosiete ile. Siku hizo kila mutu alitazama. Lakini mama wa bustani, peke yake ku muto, nani anamutazama?

Wengine wanasema: «Mwenye staji anajifunza, mbona alipwe?» Anajifunza, ndiyo. Lakini staji ya bure inachagua mwenye baba yake eko na motokari. Mutoto wa Kenya ao wa Katuba, mwenye kujua vumbi ile tangu utoto, anabaki nyumbani.

Tunaomba mambo matatu. Biro na mashirika yenye kupokea wanafunzi yalipe transpore, chakula na unite. Chuo kikuu na baro watafute mufuko wa vakansi. Na pesa hiyo isitoke kwa sosiete zenye tunakwenda kuchunguza: mwenye kulisha shahidi anamufunga kinywa.

Na wewe mwenye kuishi karibu na muto, usingoje staji. Weka daftari. Andika tarehe, saa, rangi ya maji.

Mwaka huu mama akipiga simu, tufike siku ile ile.