Maana na Faida ya Kufunga Maneno



Tumetakiwa na Kamati tuseme machache juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni maneno ya kufunga shauri. Mara nyingi shauri lililosikizwa vema tangu asubuhi huharibika jioni, kwa sababu aliyefunga maneno hakuijua kazi yake.

Kufunga maneno si kulianza shauri upya, wala si kupaza sauti ili kumshinda aliyetangulia. Ni kukusanya yaliyokwisha kusemwa, mfano wa mvunaji afungaye miganda: hafungi ila alichokivuna katika shamba lile. Jambo ambalo halikusemwa na shahidi yeyote halina mahali hapo, maana upande wa pili hauna tena nafasi ya kulijibu.

Mahakamani wafungao maneno ni wa namna mbili. Mawakili husema kila mmoja kwa ajili ya mtu wake, nasi hatuwalaumu, kwani mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini jaji anapoufupisha ushahidi, haimpasi kuvutia upande wowote. Hapa Kenya, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2007, kesi za mauaji zilisikizwa katika Mahakama Kuu na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza. Ushahidi ulipokwisha, jaji aliweza kuwafupishia, kisha kila mzee akatoa maoni yake kwa kinywa chake. Jaji hakufungwa na maoni hayo; hukumu ilikuwa yake. Hata hivyo, uhai wa mtu ulikuwa hatarini, na mzee aliyewasikia mashahidi wengi alistahili kukumbushwa pasipo kupotoshwa.

Sisi nasi tulijifunza kwa uchungu. Katika mkutano wetu mmoja tulisikiliza dai la mjane aliyeomba msaada wa mazishi ya mumewe. Swali lilikuwa moja tu: je, marehemu alikuwa amelipa ada zake? Stakabadhi zilionyeshwa, zikasomwa. Mwenye kufunga maneno aliposimama, hakutaja stakabadhi hata moja, bali alisema kwamba marehemu alikuwa mlevi. Hakuna aliyeuliza habari hiyo, wala mjane hakupewa nafasi ya kujibu. Mikono ikainuliwa, akanyimwa. Siku chache baadaye mzee mmoja alitaka stakabadhi zisomwe tena, ndipo tulipoona aibu yetu, tukamlipa. Lakini marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa kwa fedha za kukopa.

Kwa hiyo twashauri kwamba kila atakayefunga maneno barazani petu aseme mambo matatu. Kwanza, yale ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Pili, yale yanayobishaniwa, pamoja na ushahidi wa kila upande. Tatu, swali ambalo wasikilizaji wanatakiwa kulijibu. Kisha akae.

Na kabla ya kukaa, awaulize wote wawili: “Je, maneno yenu nimeyasema sawasawa?” Mtu aliyesikia maneno yake yakisemwa kwa haki, hata akishindwa, ataweza kurudi nyumbani bila kinyongo. Asiyeyasikia ataamini kwamba hakusikizwa kabisa, na shauri lile litaanza tena njiani.

Nasi tukifunga, hatuongezi neno jipya.