Jinsi Mwanga Unavyopima Maji Yetu



Katika sherehe hii ya miaka kumi, sisi wa Themi twaomba kusema machache juu ya maji. Maji yashukayo Mlima Meru ni meupe machoni, lakini mengi yamepita katika mawe na majivu ya volkano na kuchukua floridi. Ikiwa kidogo, huimarisha meno. Ikizidi, meno ya watoto huota madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa huharibika. Jicho haliioni, na kuchemsha hakuiondoi.

Basi yajulikanaje? Njia moja ni mwanga. Mpimaji huyachanganya maji na dawa nyekundu iliyoshikamana na madini ya zirkoni. Floridi huinyang'anya dawa zirkoni hiyo, na wekundu hupungua. Mchanganyiko hutiwa katika kichupa cha kioo ndani ya chombo. Taa hupenyeza mwanga wa rangi moja, wenye wimbi la nanomita 570, na jicho la umeme hupima mwanga uliovuka. Wekundu hufyonza mwanga. Kwa hiyo kadiri floridi ilivyo nyingi, ndivyo mwanga mwingi zaidi uvukavyo.

Kanuni yake ilielezwa na Lambert mwaka 1760 na Beer mwaka 1852: ufyonzaji hufuata unene wa maji yanayopitwa na mwanga, na wingi wa rangi iliyomo. Ndiyo sababu vichupa huwa vya upana mmoja, na chombo hulinganishwa kwanza na maji yasiyo na floridi. Tope, au alama ya kidole juu ya kioo, huharibu hesabu. Maji yenye floridi nyingi mno sharti yazimuliwe, kisha hesabu izidishwe.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Watafiti wa Ngurdoto wameonyesha kuwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe huweza kuondoa floridi. Lakini mkaa huchoka, na asiyepima hajui umechoka lini.

Wanachama wenzetu, hatukubali kahawa yetu ipokelewe bila mizani, tena mizani isomwe mbele yetu. Maji ya watoto wetu yastahili heshima hiyo hiyo. Twaomba kila chemchemi tunywayo ipimwe, ipimwe tena, na hesabu yake isomwe mkutanoni.