Rubani Akaaye Ugenini

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya maisha ya rubani wa ndege za abiria akaaye katika nchi isiyo yake. Sisi wenyewe tumo katika kazi hiyo, na makao yetu ni Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Kila turudipo makwetu kwa likizo twaulizwa maswali mawili: je, kazi hiyo ina faida, na je, mtu aweza kuizoea? Haya ndiyo tutakayoyajibu.

Neno rubani wazee wa pwani walilijua kabla ya ndege kuwako. Rubani alikuwa mtu wa baharini, ajuaye miamba na mikondo, aongozaye jahazi hata liingie bandarini salama. Majahazi ya Ghuba yalishuka kwa kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi kwa kusi. Siku hizi safari ile ya majuma imekuwa safari ya saa tano hivi, kutoka Dubai mpaka Nairobi.

Sasa, kwa nini wageni wengi hivi huitwa kurusha ndege za huko? Shirika la Emirates lilianza safari zake tarehe 25 Oktoba, 1985, kwa ndege zilizokodiwa kutoka Pakistan. Wenyeji wa nchi ile ni wachache, na ndege ziliongezeka upesi kuliko vijana wao walivyoweza kufunzwa. Basi marubani walitafutwa katika pande zote za dunia. Hata leo nahodha aweza kuwa mtu wa Amerika ya Kusini, na msaidizi wake mtu wa Afrika ya Mashariki, nao hawajaonana kabla ya siku ile. Lakini hufahamiana, kwa kuwa lugha ya kazi ni Kiingereza. Kanuni ya mataifa yataka rubani ajaribiwe lugha kwa madaraja sita, na asiyefika daraja la nne haruhusiwi kurusha ndege za kwenda nchi za nje.

Tena iko habari ya leseni. Mapatano yaliyotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba, 1944, yasema ya kwamba rubani lazima awe na leseni iliyotolewa, au kukubaliwa, na serikali ya nchi ambayo ndege yake imeandikishwa. Kwa hiyo mtu aliyehitimu kwao hafiki ugenini akakamata usukani mara moja. Hutahiniwa tena, hupimwa na daktari, na leseni yake huchunguzwa. Wala mitihani haina mwisho. Kwa kawaida kila miezi sita twaingizwa katika chumba kilichofanyizwa mfano kamili wa chumba cha marubani. Humo injini huzimika na moto huwaka kwa kuigiza tu, ili tuonekane kama twajua la kufanya. Macho, masikio na moyo hupimwa kila mwaka, na kwa aliyepita miaka 60 mara mbili kwa mwaka. Akitimiza miaka 65, hawezi tena kurusha ndege za abiria za kwenda nchi za nje.

Ama taabu iliyo kubwa katika mwili wetu ni usingizi. Safari ya Dubai mpaka Auckland, New Zealand, huchukua saa 16 hivi. Marubani huwa wanne, na hupokezana: wawili huendesha, na wenzao hulala katika chumba kidogo cha ndani ya ndege. Katika kazi twafuata saa moja ya dunia nzima, ihesabiwayo kwa Greenwich, lakini tumbo na macho hayaijui saa hiyo. Twafika nyumbani alfajiri, jirani akienda kazini sisi twafunga mapazia, na watoto huambiwa wacheze kimya. Idi huenda ikatukuta Sydney, na arusi ya ndugu huenda ikapita sisi tuko juu ya mawingu.

Tusemeje juu ya faida? Mshahara ni mwema, na katika nchi ile mfanyakazi hakatwi kodi ya mapato. Watu wengi huishia hapo katika hesabu yao. Lakini mgeni hana pensheni ya serikali huko. Kwa sheria, aachapo kazi hupewa kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, lakini jumla yake haipiti mshahara wa miaka miwili. Tena ruhusa ya kukaa kwa kawaida yafungamana na kazi, na ruhusa ya mke na watoto yafungamana na yake. Wala uraia haupatikani kwa kukaa miaka mingi tu. Nyumba, shule na gari vyote vyaning'inia katika uzi mmoja.

Uzi huo ulikatika kwa wengi mwaka 2020. Mwezi wa Machi, kwa ajili ya maradhi ya korona, safari za abiria zilisimamishwa katika Dubai, na ndege kubwa zikapangwa jangwani safu kwa safu. Marubani wengi duniani waliachishwa kazi. Wale waliokuwa ugenini walipoteza kazi na makao pamoja. Watoto walitolewa shule, vyombo vya nyumbani vikauzwa kwa bei ya hasara, na watu waliotumia miaka mingi huko wakarudi kwao na masanduku machache. Aliyekuwa na nyumba na shamba nyumbani alipata pa kufikia. Aliyekula mshahara wote alifikia kwa jamaa.

Basi jibu letu ni hili. Kazi ina faida, na mtu huizoea, lakini asisahau ya kuwa yumo safarini. Ninyi vijana mtamanio kuruka, shikeni hesabu, jiografia na Kiingereza, na mtunze afya, maana moyo mbovu huondoa leseni. Nanyi wazazi wenye watoto ng'ambo, msiwaombe kila walichonacho. Waacheni wajenge kwao wangali na nguvu. Wanamaji wa kwetu walisema zamani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Rubani wa angani naye ana ngama yake, nayo yafaa aitengeneze kabla haijamlazimu kuirudia.

Hapo twakomesha mazungumzo yetu ya leo. Kwaherini.