MADOA YA VITAMBAA VYA ZAMANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa kazi za udobi na za nyumbani)



Leo twasema juu ya kitambaa cha meza, lakini mtaona kwamba habari hii na ya mshahara ni moja. Mwenzetu mmoja alipewa kitambaa cha kitani ambacho mwenye nyumba alirithi kwa nyanya yake. Kilikuwa na kutu. Akatia dawa ya klorini. Kutu ikazidi, kitambaa kikatoboka, na mwisho wa mwezi mshahara ukakatwa. Hakuja chamani. Alinyamaza. Basi na tujifunze sote.

Kwanza, kabla ya kutia maji, kitazameni kitambaa pamoja na mwenyewe, penye mwanga. Mwonyesheni kila tundu na kila uzi uliolegea. Nyuzi za rangi zijaribiwe kwa kitambaa cheupe chenye majimaji. Kikishika rangi, simamisheni kazi.

Pili, kilowekeni katika maji baridi matupu, mkibadilisha maji mpaka yaache kugeuka manjano. Msifikiche wala kukamua. Kitambaa kizee kikilowa ni kizito, hujipasua kwa uzito wake. Kiinueni kwa taulo lililowekwa chini yake.

Tatu, kila doa lina dawa yake. Damu hutaka maji baridi na sabuni. Maji ya moto huikaza. Chai, divai na manjano ya uzee hutaka unga wa kung'arisha usio na klorini, katika maji ya vuguvugu, kwa saa kadhaa. Lakini hariri na sufu zisitiwe humo. Kutu hutaka ndimu na chumvi, kisha jua kidogo, kisha kusuuza sana, maana ukali wa ndimu ukibaki hula nyuzi.

Jihadharini: klorini isichanganywe kamwe na ndimu, siki wala amonia. Hutoka hewa ya sumu. Kitambaa hununuliwa, mapafu hayanunuliwi.

Mwisho, suuzeni mpaka povu liishe, kwa kuwa sabuni ikibaki hugeuka manjano. Anikeni kikiwa kimetandazwa. Pasi isipite juu ya doa lililobaki, maana moto hulikaza. Na kitambaa cha kuwekwa kabatini kisitiwe wanga, wadudu hufuata.

Sasa habari ya makato. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Na makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Doa lililokataa kutoka si makusudi. Uzi uliooza kwa uzee si makusudi.

Kwa hiyo, ukikatwa, usinyamaze kama mwenzetu. Njoo na karatasi yako ya mshahara ofisini kwa chama, tuitazame pamoja.

Umoja ni nguvu.