Matembezi ya Hisani hadi Misheni

Ndugu zetu wana-Bagamoyo,

Tutatembea tena ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, kutoka bandarini hadi Misheni, kwenye mnara wa kanisa la zamani ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Chuma, Susi na wenzao waliubeba miezi tisa. Sisi ni kilomita chache tu, na maji ya kunywa yapo.

Fedha ni za madawati. Tuseme wazi: daftari la ahadi za mwaka jana limejaa majina, akaunti haikujaa. Fundi ametengeneza nusu, nusu nyingine anasubiri malipo, na watoto wanakaa sakafuni. Lipeni kwanza ahadi ya zamani, ndipo muandike mpya. Risiti mtapewa papo hapo. Mapato na matumizi tutayabandika msikitini na kanisani.